Shajara ya Chrysiridia: ramani ya nondo wa mchana, Madagaska na pwani yetu

3 Februari

Kazi imeanza. Tunatengeneza ramani ya mtawanyiko pamoja na maelezo ya Kiswahili ya jenasi moja ya nondo, Chrysiridia, wa familia ya Uraniidae. Jenasi hii ina spishi mbili tu. Wa kwanza ni Chrysiridia rhipheus, ambaye makao yake ni Madagaska peke yake. Wa pili ni Chrysiridia croesus wa upande wetu huu: Tanzania bara na visiwani, pwani ya Kenya, na Msumbiji. Baadhi ya wenzangu waliposikia ni spishi mbili walicheka, wakasema hiyo ni ramani ya alasiri moja. Waliowahi kuhangaika na lebo za makumbusho hawakucheka.

Kwa asiyemjua: huyu si yule nondo wa kijivu anayejipiga kwenye balbu ya barazani. Anaruka mchana kweupe, mabawa meusi yenye mistari ya kijani inayometameta, na mabawa ya nyuma yana mikia. Rhipheus ana doa kubwa la nyuma lenye wekundu, urujuani na dhahabu. Akikunjua mabawa anafika sentimita 7 hadi 9, wengine zaidi. Croesus wetu ana kijani na dhahabu zaidi, na jina lake ni la yule mfalme wa Lidia aliyesifika kwa utajiri. Ukimwona kwa mara ya kwanza utaapa ni kipepeo. Wataalamu nao waliapa hivyo hivyo.

9 Februari

Leo nimeshinda na majina. Naandika kwa kirefu kwa sababu kanzidata tulizopakua zimejaa majina matatu manne kwa mdudu yule yule, na kila anayejiunga na mradi anauliza.

Mwaka 1773 Dru Drury, mfua fedha wa London aliyekuwa na uraibu wa kukusanya wadudu, alimchapisha mdudu wa Madagaska kwa jina la Papilio rhipheus. Papilio lilikuwa kapu la vipepeo wote enzi hizo. Kielelezo alipewa na nahodha mmoja wa Hamburg, na akaambiwa kimetoka China au Bengal. Yaani mdudu asiyeishi popote duniani isipokuwa Madagaska aliingia kwenye vitabu vya sayansi akiwa raia wa Asia. Mwaka 1823 Jacob Hübner akamtoa kwa vipepeo, akamfungulia jenasi ya Chrysiridia miongoni mwa nondo. Mwaka 1831 Mfaransa René Primevère Lesson akamwelezea upya, akamwita madagascariensis. Nchi ilikuwa sahihi safari hii, ila jina lilikuwa limechelewa: kanuni ni kwamba jina la kwanza kuchapishwa ndilo linalosimama, hata kama aliyelichapisha alikosea bara zima. Hata hivyo madagascariensis halikufa upesi. René Catala alilitumia bado mwaka 1940. Ongeza wale walioandika Urania ripheus, bila h ya kwanza, na utaelewa kwa nini jedwali letu lilikuwa linaonyesha "spishi" nyingi kuliko zilizopo.

Croesus hana fujo kiasi hicho. Alielezwa na Mjerumani Carl Eduard Adolph Gerstaecker mwaka 1871, katika chapisho lake juu ya wadudu wa "Zanzibar" waliokusanywa na msafara wa Baron Carl Claus von der Decken. Huyo Decken ndiye aliyeuawa mwaka 1865 kule Baardheere kwenye mto Juba, kwa hiyo hakuuona mzigo wake ukichapishwa. Nimeweka Zanzibar kwenye alama za mtajo makusudi. Nitarudi hapo.

Jambo dogo la uandishi ambalo nimewaomba wote walizingatie: tunaandika Chrysiridia rhipheus (Drury, 1773), mabano yamo. Mabano yanamwambia msomaji kwamba Drury alimweka kwenye jenasi nyingine, akahamishwa baadaye. Ukiyaondoa umebadilisha historia. Mtu mmoja aliyaondoa kwenye faili zima "ili pasomeke vizuri". Nimeyarudisha.

10 Februari

Swali limekuja: mbona basi ni nondo? Rangi si kigezo, wala kuruka mchana si kigezo. Tazama vipapasio: ni vyembamba, vinachongoka kuelekea nchani, havina kifundo mwishoni kama vya vipepeo. Kisha kuna masikio. Uraniidae wana viungo vya kusikia tumboni, na cha ajabu ni kwamba dume na jike hawakuviweka mahali pamoja: vya jike viko chini ya mwanzo wa tumbo, vya dume viko pembeni, nyuma kidogo. Familia nzima ina tabia hiyo. Hakuna rangi inayoweza kushindana na ushahidi wa namna hiyo, na ndio unaowaunganisha hawa wanaong'aa na ndugu zao wa usiku waliofifia.

Ndugu wenyewe ni hawa. Katika nusufamilia ya Uraniinae, jenasi tatu huruka mchana: Chrysiridia, Urania wa Amerika ya tropiki, na Alcides wa Papua Guinea Mpya, visiwa vya jirani, na Queensland ya Australia. Nne ni za usiku: Lyssa, Urapteroides, Cyphura na Urapteritra. Lyssa zampa ndiye aliyejaa Singapuri mwaka 2014 hadi akawa habari ya magazeti, akitua kwenye vituo vya mabasi na kuta za maghorofa.

24 Februari

Wiki mbili za kusafisha rekodi. Kazi ya kuchosha, na ndipo mradi ulipobadilika sura.

Nilipata ruhusa ya kutazama droo ya croesus katika mkusanyo mmoja wa zamani. Kielelezo cha tatu kutoka kushoto: dume, mkia mmoja wa bawa la nyuma umekatika, pini imeanza kutu. Nilimwinamisha kidogo chini ya taa, kijani kikageuka buluu. Kwa kioo cha kukuzia unaona sababu: magamba ya bawa hayajalala bapa, yamepinda kama vigae vya paa. Kila gamba lina tabaka nyembamba zenye nafasi za hewa katikati, na rangi inatokana na mwanga unaorudishwa na tabaka hizo, si rangi ya kupakwa. Mwanga mwingine unaruka kutoka gamba moja hadi la jirani kabla ya kumfikia mtazamaji. Ndiyo maana vielelezo vya miaka 100 na zaidi vinang'aa bado, wakati vipepeo wa droo ya jirani wamechakaa.

Chini ya pini kuna kikaratasi. Neno moja, kwa wino wa kahawia: Zanzibar.

Sasa, huyo mdudu alikamatwa wapi? Karne ya 19 meli za Ulaya zilipakia Unguja, himaya ya Sultani ilifika pwani ya bara, na mzigo uliotoka Bagamoyo, Pangani au Mombasa ungeweza kabisa kufika Berlin au London ukiitwa wa "Zanzibar". Croesus yupo visiwani, hilo halina ubishi. Lakini kikaratasi hicho peke yake hakithibitishi kwamba huyu alitoka kisiwani. Kinachosema ni bandari aliyopandia meli. Ni kosa lile lile la nahodha wa Hamburg na China yake, isipokuwa hili la kwetu halichekeshi kwa sababu halikwenda mbali.

Kompyuta nazo zimeongeza yao. Mtu wa kuingiza data akikuta "Zanzibar" anatafuta jina kwenye orodha ya miji, anapata viwianishi vya Mji Mkongwe vyenye tarakimu tano baada ya nukta, na ghafla kikaratasi cha neno moja kimekuwa rekodi sahihi kwa mita. Nimeona nukta za croesus zimerundikana juu ya paa za maduka ya Darajani. Upande wa Madagaska ni mbaya zaidi. Rhipheus huuzwa sana kwa wapenda mapambo, kwenye fremu za kioo, na lebo yake ni "Madagascar" basi. Programu inachukua kitovu cha kisiwa na kuweka nukta katikati ya nyanda za juu, sehemu ambayo kwa kiasi kikubwa ni majani matupu.

27 Februari

Tumekubaliana madaraja matatu ya kuaminika. A: mahali panapotambulika, msitu au kijiji, na tarehe. B: wilaya au mkoa. C: bandari, nchi, au kisiwa tu. Daraja C haliwekwi nukta. Linapakwa kama kivuli hafifu kwenye eneo lote linalowezekana.

Mwenzangu anayeshika ramani hakufurahi. "Kaka, ukiondoa C ramani inabaki na mapengo, watu watasema hatukufanya kazi." Namwelewa. Ramani yenye nukta chache inaonekana ya kivivu. Lakini nukta ya uongo ina madhara kuliko pengo, kwa sababu pengo humfanya mtu aende akatafute, nukta humwambia kazi imeisha.

11 Machi

Huu ndio ufunguo wa yote, na nashangaa hatukuanza nao.

Viwavi wa Chrysiridia hula mimea ya jenasi moja tu, Omphalea, jamii ya Euphorbiaceae, ukoo mmoja na muhogo, mbarika na mnyaa. Hawana mbadala. Nondo mkubwa hunywa nekta ya maua mbalimbali, hasa meupe na ya manjano, kwa hiyo anaweza kuonekana popote palipo na maua. Kiwavi hana uhuru huo. Penye Omphalea anaweza kuzaliana. Pasipo na Omphalea ni mpita njia.

Ilichukua muda watu kulijua hilo. Mtaalamu wa wadudu Mfaransa, Boisduval, mwaka 1833 alisimulia maisha ya rhipheus kwa taarifa alizopewa, na mmea wa viwavi uliotajwa ni mwembe! Mtu wa pwani yeyote angeweza kumkatalia bila darubini. Picha kamili ilikuja 1991, watafiti David Lees na Neal Smith walipokusanya taarifa za mimea ya chakula ya nusufamilia yote. Za mchana zinategemea Omphalea, na Lyssa wa usiku anategemea Endospermum, jamii hiyo hiyo ya Euphorbiaceae. Mwaka huo huo ikachapishwa kemia yake: mimea hiyo ina alikaloidi zinazofanana na sukari, zinazozuia vimeng'enya, na nondo wanazo mwilini. Ule mng'ao basi ni tangazo. Ndege aliyewahi kuonja haonji tena.

Madagaska kuna Omphalea wanne. Watatu wako upande wa kaskazini na magharibi wenye misitu mikavu: O. ankaranensis kwenye miamba ya chokaa ya Ankarana na Analamera, O. occidentalis sehemu kama Namoroka na Bemaraha, na O. palmata. Wa nne, O. oppositifolia, yuko mashariki kwenye misitu ya mvua. Sasa ramani ya rhipheus inaanza kueleweka. Kiwavi akitafuna, mmea hujibu kwa kuongeza sumu, na kizazi kinachofuata kinakuta mezani pamechacha. Neal Smith aliandika hayo mwaka 1983 kutokana na Urania fulgens wa Panama, ambao huhama kwa makundi makubwa. Rhipheus naye huhama kati ya magharibi na mashariki, akikatiza nyanda za juu. Kwa hiyo ile nukta ya kitovu cha kisiwa niliyoidharau wiki mbili zilizopita inaweza kuwa na jirani wa kweli: nondo aliyeonekana Antananarivo, mita 1,200 na ushee juu ya bahari, anaweza kuwa halisi kabisa, na bado si mkazi.

Uamuzi: ramani itakuwa na rangi mbili. Kijani kwa mahali anapozaliana (yai, kiwavi au pupa ameonekana, au Omphalea ipo pamoja na nondo), na chungwa kwa mahali alipoonekana akiruka tu.

14 Machi

Kwa upande wetu, mmea unaohusishwa na croesus ni Omphalea mansfeldiana. Tumeomba orodha ya vielelezo vyake kutoka kwa wenye mikusanyo ya mimea. Lebo za wataalamu wa mimea ni nadhifu kuliko za wadudu: mwinuko, udongo, mto wa karibu, hata jina la wenyeji. Mtu wa nondo anakukamatia mdudu na kukimbia.

22 Machi

Muheza, msitu wa kijiji chini ya Usambara Mashariki. Tulikwenda kwa sababu ya picha iliyotumwa na mwalimu mmoja: croesus safi, amekaa juu ya ua jeupe, saa nne asubuhi.

Tulipokewa na mzee anayeangalia msitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Hao wadudu wa rangi ndio mmewafuata mpaka huku?"

Tukamweleza kwamba mdudu ni nusu ya safari, tunatafuta mmea. Tukamwonyesha mchoro. Alama ya kutazama ni tezi mbili ndogo, zimekaa bega kwa bega pale kikonyo kinapokutana na bamba la jani. Akatupeleka kwenye mmea mmoja karibu na kijito, akasema huo una utomvu na mbuzi hawaugusi. Nikageuza jani, nikapitisha kidole. Hakuna tezi. Mwingine, hakuna. Wa tatu ulikuwa na tezi, lakini zilikuwa nyingi na zilitawanyika ukingoni mwa jani. Mzee alishachoka kutusindikiza lakini akaendelea, akisema kwamba viwavi anawafahamu wengi ila wa namna ninayomwelezea (mweupe wa manjano mwenye madoa meusi, miguu myekundu, nywele nyeusi zenye vifundo nchani) hajawaona. Nilikuwa namwelezea rhipheus, kwa sababu ndiye aliyeelezwa vizuri zaidi. Nimeliandika hilo kando.

Croesus wawili walipita juu ya uwazi saa tano, kasi, juu sana, hawakutua. Muheza inaingia kama chungwa. Daraja A, chungwa. Mwalimu alitaka kijani, na kwa kweli hata mimi nilitaka.

30 Machi

Swali la spishi ndogo. Mtu amependekeza tugawanye rhipheus kwa rangi ya doa la nyuma, kwa kuwa picha zinaonyesha tofauti kubwa. Nimekataa na sababu ni Catala. Alichukua pupa, akaziweka kwenye joto na baridi tofauti, wakatoka nondo wenye rangi na michoro tofauti ingawa ni spishi moja. Wiki mbili au tatu za hali ya hewa wakati wa pupa zinatosha kukuletea "aina mpya". Wafanyabiashara wa fremu wanazijua tofauti hizo na wanazitoza bei. Sisi tutaziita kwa jina lake: mabadiliko ndani ya spishi.

Katika mjadala huo huo limeibuka la mkondo wa Msumbiji. Mmoja alidai rhipheus na croesus walitengana Madagaska ilipobanduka kutoka Afrika. Hapana. Kisiwa kiliachana na bara zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Nondo wawili wanaofanana hivi hawana umri huo. Mkondo una takriban kilomita 400 pale unapobana, na hawa ni warukaji wa safari ndefu. Mmoja alivuka maji, na huko alikofika ilibidi Omphalea iwe imetangulia.

6 Aprili

Nimeongeza kisanduku juu ya Urania sloanus wa Jamaika, ingawa yuko nje ya jenasi yetu. Huyu alitoweka, anasemekana kuonekana mara ya mwisho katika miaka ya 1890. Misitu ya tambarare ilifyekwa kwa mashamba, mimea ya chakula ikaenda nayo. Mwaka 2016 watafiti walipata vinasaba kutoka kwenye vielelezo vyake vya zaidi ya karne moja na kumpanga mahali pake kwenye ukoo. Kwa hiyo vikaratasi na mabawa ya droo, pamoja na malalamiko yangu yote, bado vina kazi. Mhariri alisema kisanduku kinapotosha mada. Nimekibakiza. Misitu ya pwani yetu ni vipande vipande, na croesus anategemea mmea unaoota ndani ya vipande hivyo. Msomaji wa Lindi au Kwale anahitaji kumjua sloanus kuliko anavyohitaji kumjua Hübner.

13 Aprili

Toleo la kwanza la ramani limekamilika. Upande wa Madagaska kijani kiko pembeni mwa kisiwa, magharibi, kaskazini na mashariki, na chungwa imetapakaa katikati. Ukiitazama unaiona safari yenyewe. Upande wetu chungwa imefuata pwani na milima ya jirani, kijani ni haba, na kivuli cha daraja C kimefunika Unguja, Pemba na ufuko wa bara ulio mkabala. Darajani haina nukta tena.

Mwenzangu wa ramani ameniandikia kwamba pengo la kati ya Rufiji na mpaka wa Msumbiji linamkera. Linanikera na mimi. Tumetuma maombi kwa watu wa Kilwa na Lindi: picha ya nondo tunaipokea, lakini anayepiga picha ageuze na jani la mmea wowote wenye viwavi, apige upande wa chini, kikonyo kionekane.